Mvua ya jana, mteremko wa miaka: AVC huanza lini?

Mjomba wangu alianguka saa kumi na moja alfajiri akitoka chooni, nyumbani kwake Kadutu, mtaa wa Bukavu, katika Kivu, mashariki mwa Congo. Mdomo ulivutika kushoto, mkono wa kulia ukalegea kama kitambaa kilicholowa, na alipojaribu kusema zilitoka sauti tu. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake na humwita yaya, yaani kaka mkubwa, alimshika mashavu akawa anarudia, "Yaya, unanisikia? Yaya?" Jirani wa kwanza kuingia alikuja na kikombe cha maziwa. Wa pili alikuja na swali ambalo lilikaa ndani ya ile nyumba mpaka jua likapanda: jana alikula kwa nani?

Aliyekulia Bukavu hahitaji kuelezwa swali hilo linaelekea wapi. Linaelekea kwenye karuho, ile sumu inayosemekana kutiwa katika chakula au kinywaji na mtu wa karibu. Maziwa yalikuwa ya kuizimua. Walitajwa watu wawili, mmoja wao jirani ambaye siku iliyotangulia alimkaribisha mjomba chupa ya bia. Gari lilipatikana saa tatu asubuhi. Saa nne nzima zilikuwa zimekwenda.

Hospitalini tuliambiwa ni AVC, jina ambalo huku kwetu hata mtoto analijua kwa herufi zake tatu za Kifaransa. Kiswahili cha vitabuni kinasema kiharusi. Jina halikulizima lile swali. Misibani bado ninalisikia likiulizwa juu ya wagonjwa wengine, na kila mara ninaona kwamba tunakosea siku ya kuangalia. Tunatafuta chanzo katika jana ya mgonjwa, wakati ugonjwa huu hujitengeneza kwa miaka kumi, hata ishirini.

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna akiba. Damu ikikatika katika mshipa mmoja, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Mshipa mkubwa ukiziba bila kutibiwa, seli za neva zinazopotea hukadiriwa kuwa milioni 1.9 kwa kila dakika. Damu hukatika kwa njia mbili. Ama bonge la damu linaziba mshipa, ama mshipa unapasuka na damu kumwagika kichwani. Duniani kote aina ya kuziba ndiyo nyingi, kama wagonjwa wawili kati ya watatu. Kwa macho, hata ya daktari mzoefu, hutazitofautisha kwa uhakika: mdomo unapinda vilevile, mkono unalegea vilevile. Inahitajika picha ya skana. Ndiyo sababu aspirini haipewi mgonjwa nyumbani kwa kubahatisha. Inaweza kumsaidia aliyezibwa mshipa, na inaweza kumzidishia damu aliyepasukiwa.

Sasa, kwa nini mshipa uliofanya kazi miaka hamsini unapasuka alfajiri ya siku fulani?

Tazama nyumba zetu za mlimani. Mvua inanyesha usiku, asubuhi nyumba moja imeporomoka, na mji mzima unasema mvua imeibomoa. Mvua ilinyesha kweli. Lakini ilinyesha pia juu ya nyumba mia nyingine zilizobaki zimesimama. Ile iliyoanguka, mteremko ulikatwa wima miaka mingi nyuma, mfereji haukuchimbwa, miti iliyoshika udongo ilikwenda kuwa makaa, na jirani wa juu alielekeza maji yake hapo. Mvua ya usiku ule ilikuta kazi imekwisha kufanywa. Ugomvi wa jana, bia ya jana, habari mbaya ya jana, hizo ni mvua. Mteremko, mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, ni tansio, yaani shinikizo la juu la damu ambalo mwenyewe halisikii.

Damu ikisukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi mwaka baada ya mwaka, vimishipa vyembamba vya ndani kabisa ya ubongo hukakamaa, vingine hudhoofika mpaka vikapasuka. Mishipa mikubwa ya shingo nayo hujenga mafuta na ukoko, vipande vikang'oka na kupanda juu. Kwa hiyo tansio hiyohiyo hulisha aina zote mbili za AVC. Mpaka uliozoeleka ni 140 kwa 90 (namba ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni unapopumzika), lakini hatari haianzii hapo ghafla. Mwaka 2002 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 61 zenye watu wazima milioni moja, na ukaonyesha kwamba kati ya umri wa miaka 40 na 69, kila namba ya juu inapopanda kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi huongezeka zaidi ya mara mbili. Mtu wa 160 na mtu wa 140 hawako mahali pamoja, ingawa wote wawili wanapanda ngazi za soko la Kadutu bila kuumwa chochote.

Mama zetu husema, "Hiyo ni tansio ya uzee." Nisiwacheke, kwa sababu wakubwa wa dunia walisema hivyohivyo. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa na tansio iliyopanda kwa miaka mbele ya macho ya madaktari, na wengi katika utabibu wa siku hizo waliamini kwamba kupanda huko ni kwa kawaida mtu anapozeeka, hata kwamba mwili unahitaji kupanda huko. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka kichwani mwake. Kipimo cha siku hiyo kilizidi 300 kwa 190. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Framingham, Marekani, watafiti waliandikisha watu 5,209 na kuanza kuwafuatilia wakiwa wazima, wakiandika nani ana tansio, nani anavuta sigara, kisha wakasubiri waone nani ataugua. Hapo ndipo lilipotoka neno ambalo leo kila muuguzi analitumia: visababishi vya hatari. Ni neno linalotaka uangalifu. Kisababishi cha hatari si hukumu juu ya mtu mmoja. Ni kitu ambacho, ukiwaweka maelfu ya watu pamoja, wale walio nacho wanaanguka zaidi kuliko wasio nacho.

Kuhesabu walioanguka

Elimu hii ya kuhesabu magonjwa katika umma inaonekana nyepesi mpaka ujaribu kuifanya. Ukitaka kujua AVC ni nyingi kiasi gani katika nchi, unahitaji namba mbili: wangapi wamepata, na kati ya wangapi. Nchi yetu ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo zimekuja vita, watu wamekimbia vijiji na kujaa mijini, na kizazi kizima kimezaliwa na kuzaa. Hiyo ndiyo namba ya pili, ile "kati ya wangapi", na inategemea makadirio. Namba ya kwanza nayo ina tundu: wengi hufia nyumbani, wanazikwa siku ya pili, na hakuna daktari aliyeandika chanzo cha kifo.

Basi watu hukimbilia madaftari ya hospitali. Ni chanzo cha thamani, ila kinapotosha kwa pande zote mbili. AVC nyepesi, ile ya mkono kufa ganzi nusu saa na kurudi, haifiki hospitalini. AVC nzito sana, ile inayoua kabla ya mapambazuko, nayo haifiki. Wanaofika ni wa katikati, tena wale ambao familia imepata gari na pesa. Na katika hao, wanaojulikana aina ya AVC yao ni wale tu waliolipia skana. Mtu akikuambia kwamba hospitali fulani ilipokea wagonjwa wa AVC mara mbili ya mwaka uliopita, huenda AVC zimeongezeka, au huenda barabara imetengenezwa.

Njia nzuri zaidi ilionyeshwa na majirani zetu wa Tanzania. Kuanzia 2003 hadi 2006 watafiti walichagua maeneo mawili ambayo wakaaji wake walikuwa tayari wamehesabiwa nyumba kwa nyumba: Hai, wilaya ya mashambani chini ya Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Hawakungoja wagonjwa waje. Waliweka watu wa kutoa taarifa katika jamii, wakaongea na wahudumu wa afya, na kwa waliokwisha kufa walikaa na familia wakawauliza kwa utaratibu jinsi marehemu alivyougua. Walipata AVC 453 kwa Hai na 183 kwa Dar es Salaam. Ukigawa kwa idadi ya wakaaji, Hai ilikuwa na 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 107.9. Karibu sawa, utasema.

Lakini jiji limejaa vijana, na vijana hawapati sana AVC. Ukilinganisha jiji la vijana na wilaya yenye wazee wengi bila kusawazisha umri, unalinganisha umri, si afya. Watafiti huchukua mfano mmoja wa jamii wenye mpangilio uleule wa watoto, vijana na wazee, wakapima pande zote mbili kwa mfano huo. Walipofanya hivyo, Hai ilipanda kidogo, ikawa 108.6. Dar es Salaam ikaruka mpaka 315.9, karibu mara tatu ya Hai. Katika umri uleule, mtu wa jijini alikuwa akianguka zaidi sana kuliko mtu wa shamba.

Namba hizo zinanikaa rohoni kwa sababu Bukavu ni jiji la namna hiyo hasa. Tumejaa vijana, na wengi wetu tulitoka mashambani, Walungu, Kabare, Mwenga na Kalehe, ama sisi wenyewe ama wazazi wetu. Ujana wa mji unaficha ugonjwa. Waliokuja na miaka 20 wakati wa vita vya 1996 sasa wanakaribia 50, na hapo ndipo mteremko unapoanza kuteleza.

Kidole kinaelekea wapi

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza: kati ya visababishi vyote, kipi kinabeba wagonjwa wengi? Hapa watu huchanganya mambo mawili, nguvu ya kitu na wingi wake. Chukua mfano wa kubuni. Katika watu 100,000 wazima, 40,000 wana tansio. Wasio nayo wanapata AVC mtu 1 kati ya 1,000, wenye nayo watu 3 kati ya 1,000. Basi wale 60,000 wanatoa wagonjwa 60, na wale 40,000 wanatoa 120. Kama tansio isingekuwepo, wale 40,000 wangetoa 40 tu. Wagonjwa 80 kati ya 180 ni wa tansio, yaani asilimia 44. Sasa fikiria ugonjwa mwingine unaozidisha hatari mara kumi lakini wako nao watu 100 tu: unaongeza chini ya mgonjwa mmoja. Kwa yule mwenye nao ni balaa. Kwa mji, hauonekani.

Utafiti mkubwa uitwao INTERSTROKE, uliochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2016 ukiwa na wagonjwa na wazima karibu 27,000 kutoka nchi 32, uliipa tansio karibu asilimia 48 ya mzigo wote wa dunia. Kisha ukaja SIREN, uliofanywa Nigeria na Ghana na kuchapishwa 2018. Ulilinganisha wagonjwa 2,118 na wazima idadi hiyohiyo wa umri na jinsia sawa. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 59, na karibu theluthi moja walikuwa wamepasukiwa mshipa. Sehemu ya tansio? Asilimia 90.8.

Baada yake SIREN ilitaja mafuta mabaya ya damu, unene wa kiunoni, kisukari, nyama ya mara kwa mara, msongo wa mawazo, chumvi ya kuongeza mezani, ugonjwa wa moyo, kukaa bila mazoezi, sigara, na kutokula mboga za majani. Msomaji makini atashtuka: ukijumlisha asilimia za vyote, zinapita 100. Si kosa. Rudi kwenye ile nyumba. Mteremko umekatwa na mfereji haupo. Ungeimarisha mteremko, nyumba ingesimama. Ungechimba mfereji, ingesimama vilevile. Anguko moja linahesabiwa kwa vyote viwili. Kwangu mimi hili ni jambo la matumaini, maana mtu aliyeshindwa kupunguza kitu kimoja bado ana kingine cha kushika.

Chumvi, kwa mfano. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Jikoni kwetu chumvi huingia kwa milango mingi: makayabo, wale samaki wa chumvi, ambayo hayakulowekwa vya kutosha, sombe (majani ya mhogo) iliyotiwa chumvi halafu vipande viwili vya Maggi, sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) zilizokaangwa na kunyunyiziwa tena mezani. Sombe na lengalenga (mchicha) zenyewe ni mboga za majani, ndizo hizo ambazo SIREN iliona kwamba kutozila huendana na AVC. Bia na kasiksi, ile pombe ya ndizi, za kila jioni hupandisha tansio, na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, vilevile. Kuhusu msongo wa mawazo katika Kivu sina haja ya kuandika mengi. Niseme tu kwamba vita inaharibu pia kwa njia ya kimya: Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na maduka yakafungwa, jirani yetu mmoja alimaliza vidonge vyake akiwa amejifungia ndani, na tangu hapo hakurudi kuvitafuta kwa sababu alijisikia mzima.

Na si wazee peke yao. Congo ni kati ya nchi tatu zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, wale tunaowaita SS, pamoja na Nigeria na India. Chembe zao zilizopinda huziba na kuumiza mishipa ya ubongo. Katika watoto wa Marekani waliofuatiliwa kabla ya kinga kupatikana, takriban 11 kati ya 100 walipata kiharusi kabla ya miaka 20. Mtoto wa SS aliyepooza upande mmoja hakurogwa na mtu. Kuna pia vijana ambao koo liliuma utotoni, likaachwa bila dawa, na homa ya baridi yabisi iliyofuata ikala vali za moyo. Moyo wa namna hiyo huenda ovyo, damu inatuama ndani yake, mabonge yanajitengeneza na kupanda kichwani. Kwa wajawazito, tansio inayopanda pamoja na kichwa kuuma sana na macho kuona giza ni dharura ya siku hiyohiyo.

Saa nne za mjomba

Nirudi kwenye maziwa. Mtu aliyepigwa na AVC mara nyingi hawezi kumeza vizuri, hata akiwa macho. Kinachomiminwa kinywani kinaweza kuteremka kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo huua wagonjwa wengi katika siku za kwanza. Asipewe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala chai, mpaka apimwe kama anameza. Alazwe ubavu kama amepoteza fahamu. Asiwekewe kidonge cha tansio chini ya ulimi pia: nifedipini ya kuyeyuka haraka ilitumiwa hivyo zamani, na ikaonekana kwamba kuiangusha tansio ghafla huinyima damu ile sehemu ya ubongo ambayo ingeweza kupona.

Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya skana kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Hata pale ambapo dawa hiyo haipo, kuwahi kuna faida: sukari inapimwa, homa inashushwa, mgonjwa anageuzwa asipate vidonda, anaanza mazoezi mapema. Kwa hiyo mambo ya kutazama ni machache. Mwambie atabasamu, uone kama mdomo unapinda. Ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Arudie sentensi fupi. Kosa moja tu likionekana, angalia saa, uikumbuke, mwondoke. Dalili zikija na kupotea ndani ya dakika chache, mwondoke pia, kwa maana siku mbili zinazofuata ndizo za hatari kubwa.

Mjomba aliishi. Mkono haujarudi, maneno yamerudi nusu. Tulipokuwa tukitafuta karatasi zake ndani ya sanduku, tulikuta kitabu cha matibabu cha miaka sita nyuma, alipokwenda katika kituo kimoja cha afya kwa ajili ya ngiri. Juu ya ukurasa, kwa kalamu ya bluu, imeandikwa 170/100. Hakuna mtu aliyemwambia namba hiyo ina maana gani, na yeye hakuuliza, kwa sababu alikwenda kwa ajili ya ngiri. Ukurasa ule niliupeleka kwa yule jirani wa bia. Aliusoma mara mbili, akaomba aubakize usiku mmoja ili mke wake auone.

Mwezi uliofuata tuliwapima ndugu wote wa mjomba, kwa mashine ya kuazima. Tuliwakalisha kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kwa sababu mtu aliyetoka kupanda mlima wetu lazima namba yake iwe juu. Tulipima mara mbili, tukarudia wiki iliyofuata. Kati ya watano, watatu walikuwa juu ya 140 siku zote mbili. Mama yangu alikuwa 168 kwa 98. Alisema hasikii kitu chochote mwilini, na kwamba dawa za tansio ukizianza huziachi tena. Nilimjibu kwamba ni kweli, haziachwi, kisha nikamwonyesha mkono wa yaya wake. Anameza kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza, na kile kitabu cha kalamu ya bluu amekiweka pamoja na chake.